Sheria ya matangazo yaifuata video mtandaoni

Mwezi Agosti mwaka 1965, Uingereza ilipiga marufuku matangazo ya sigara katika televisheni. Udhibiti ulikuwa rahisi: vituo vilikuwa vichache, na watazamaji waliona kipindi kile kile kwa saa ile ile.

Mwaka 1989, Jumuiya ya Ulaya iliipitisha marufuku hiyo kwa nchi wanachama wote. Lakini intaneti ilipompa mtazamaji uhuru wa kuchagua filamu na saa ya kuitazama, sheria iliyofuata ratiba za televisheni iliachwa nyuma.

Desemba 2007, Umoja wa Ulaya ulizijumuisha huduma za video za kuagiza: tangazo litambulike kuwa ni tangazo, na sigara zisitangazwe. Mwaka 2018, kanuni zikayafikia majukwaa ya kusambaza video.

Uingereza, ingawa imejitoa katika Umoja huo, imezidi kukaza. Tangu Januari 5, 2026, baadhi ya vyakula vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi havitangazwi kwenye televisheni kabla ya saa tatu usiku. Matangazo yake ya kulipiwa mtandaoni yamekatazwa saa zote, kwani simu iliyo mkononi mwa mtoto haina ratiba.