Nzi, uzi wa hariri na miaka mia ya kumvizia mdudu

Agosti 2027 itatimia miaka 50 tangu Wamarekani walipokirusha chombo cha anga cha Voyager 2, kikafuatwa na Voyager 1 majuma mawili baadaye. Kila chombo kimebeba sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sauti, muziki na picha 116 za dunia yetu, salamu kwa yeyote atakayeiokota huko mbali. Maamkizi yamo katika lugha 55. Kiluganda kimo, Kiswahili hakimo. Mtafiti Jane Goodall yumo, pamoja na sokwe wake. Na katikati ya picha hizo yumo mdudu mmoja mdogo aliyenaswa na kamera akiwa angani, karibu na maua.

Picha hiyo ni ya Mwingereza Stephen Dalton, kutoka kitabu chake cha 1975, Borne on the Wind. Anayeiangalia leo, mwenye kamera nzuri kwenye simu yake, anaweza kuiona ya kawaida. Si ya kawaida hata kidogo. Kabla yake, watu walihangaika zaidi ya miaka mia moja wakimtafuta mdudu arukaye, na historia ya mahangaiko hayo ni historia ya namna tulivyomtendea kiumbe mdogo kuliko ukucha. Kwanza tulimfunga. Ilituchukua muda mrefu kujifunza kumsubiri.

Ugumu wenyewe ni huu. Ukimsogelea mdudu hadi ajae kwenye picha, sehemu inayotoka safi huwa nyembamba mno, mara nyingi chini ya milimita moja. Jicho likitoka vizuri, mguu unafifia. Ukivuta pumzi, kamera imehama. Kivuli chako kikimgusa, hayupo.

Mfaransa Étienne-Jules Marey, daktari aliyependa kupima kila kinachotembea, aliukabili ugumu huo kabla kamera hazijawa na mbio za kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alimbandika nyigu vipande vyembamba vya dhahabu kwenye ncha za mabawa, akamshika kwa koleo juani, akaona dhahabu ikichora umbo la nane hewani. Kwa nzi alitumia silinda iliyopakwa masizi, bawa likawa linaikwaruza kila lipigapo. Alihesabu mapigo 330 kwa sekunde.

Mwaka 1904, ambao ndio aliofariki Marey, msaidizi wake Lucien Bull, mzaliwa wa Dublin, alipiga hatua kubwa mjini Paris. Alimshika mdudu kwa kibanio chepesi kilichounganishwa na umeme. Mdudu aliporuka, umeme ulikatika na kamera ikafunguka. Cheche zikamulika mfululizo, filamu ikizunguka juu ya pipa, zaidi ya picha elfu moja kwa sekunde. Mdudu mwenyewe ndiye aliyeiamuru kamera ianze. Wazo hilo lilikuja kuzaa matunda miaka sabini baadaye.

Lakini aliyewatoa wadudu maabara na kuwapeleka kwa watu wa mitaani ni karani mmoja wa London, Frank Percy Smith. Mchana alikuwa mtumishi wa idara ya elimu. Muda wake mwingine wote aliutumia kwenye hadubini. Alipiga picha ya ulimi wa nzi mkubwa wa buluu, yule wa machinjioni, nayo ikamfikia Charles Urban, mfanyabiashara wa sinema. Urban akaona pale kuna kitu, akamkabidhi Smith kamera ya filamu.

Mwaka 1908 Smith akatoa filamu fupi iliyowaacha watu midomo wazi. Nzi anaonekana miguu juu, ameijaza skrini nzima, anazungusha kijiti cha kiberiti kama mwanasarakasi azungushavyo fimbo. Kijiti kinaondoka, kinakuja kizibo. Kizibo kinaondoka, unakuja mpira ulio mkubwa kuliko yeye, naye anauviringisha kwa miguu sita bila kuuangusha. Fikiria ukumbi wa giza, watu waliozoea kumfukuza nzi kwa mkono, sasa wanamtazama akiwa mkubwa kama ng'ombe, vinyweleo vya miguu yake vinahesabika.

Maneno yakazuka. Wapo walioshuku kwamba ni ujanja wa mitambo, kwani nzi gani anayefundishika? Wengine waliamini macho yao, na hao ndio waliokasirika zaidi: kiumbe ameteswa ili watu wacheke. Magazeti yakaichukua habari. Smith akalazimika kujieleza: nzi alishikiliwa kwa uzi mwembamba wa hariri, hakuumizwa, na alichokuwa akifanya ni kutembea tu. Nzi aliyelazwa chali hutafuta pa kukanyaga. Ukimpa mpira, anatembea juu ya mpira, na mpira unazunguka. Smith alitaka kuonyesha nguvu zilizomo ndani ya mwili ule mdogo. Mwaka 1910 filamu ikarudi kwa jina jingine, The Acrobatic Fly, na Smith akaacha ukarani.

Nimeirefusha habari ya ugomvi huu kwa sababu nadhani pande zote mbili zilikuwa na haki. Waliomhurumia nzi walikuwa wameanza kumwona kuwa kiumbe, jambo ambalo siku moja kabla wasingelifikiria. Na kilichowafungua macho ni filamu ile ile waliyoilaani. Smith naye aliendelea hadi kifo chake mwaka 1945 kuwaonyesha watu viumbe wasivyovijali. Alitengeneza hata filamu ya buibui ili watu wapunguze kuwaogopa.

Yaliyofuata yanajulikana. Katika miaka ya 1930 Harold Edgerton wa Marekani alileta flashi za kasi. Mwaka 1955 ikaja lenzi ya Makro-Kilar, na mpiga picha wa kawaida akaweza kusogea karibu bila vikorokoro vingi.

Kisha Dalton. Yeye alikataa kufunga. Akisaidiwa na fundi wa elektroniki, alitega mwali wa mwanga mahali ambapo lenzi inaona vizuri, akamwacha mdudu aruke apendavyo. Mdudu akiukata mwali, flashi inawaka kwa sehemu ya 25,000 ya sekunde. Kufunguka kwa kamera za kawaida kulikuwa kwa kuchelewa, mdudu akawa ameshapita, hivyo ikabidi watengeneze kifungulio chao chenye kasi. Uzi wa hariri umegeuka mwali wa mwanga. Huyo ndiye mdudu aliyepanda Voyager.

Leo kompyuta huunganisha picha nyingi kuwa moja iliyo safi kutoka kipapasio hadi mkia. Mwingereza Levon Biss hutumia takriban 8,000 kwa mdudu mmoja. Wadudu wake, lakini, ni wafu wa makabati ya makumbusho. Na wapo wanaowaweka wadudu hai kwenye friji ili wazubae mbele ya kamera. Huko ni kurudi kwenye kufunga, tena bila kujieleza kama Smith.

Na sisi je? Nairobi kuna ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mkenya Dino Martins alitoa mwaka 2014 kitabu cha wachavushaji wa Afrika Mashariki. Ni fahari yetu, lakini ni wachache mno. Lenzi ndefu zote zinaelekea Serengeti na Maasai Mara kumfuata simba. Lakini wadudu nao wanatulisha: kakao ya Kyela, Tanzania, hutegemea sana usubi, vijidudu vya milimita mbili tatu vinavyoingia ndani ya ua lake. Ni watoto wangapi wa Kyela wamewahi kuonyeshwa picha ya usubi huo, waambiwe huyu ndiye aliyelipa ada yako?

Hatuhitaji maabara ya Paris kuanza. Toka alfajiri, kabla jua halijapanda, uchuchumae penye majani marefu. Kereng'ende amelala kwenye ncha ya jani, umande umemjaa hadi machoni, matone yamepangana kwenye mabawa kama shanga. Baridi imemfunga yenyewe. Una dakika chache. Jua likimfikia, atatetemesha mabawa, umande utamwagika, naye ataondoka apendavyo.