NANI ALICHORA KIJIJI CHETU?
Historia Fupi ya Makazi ya Watu wa Kibondo na Kasulu

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu wenzangu wameandika habari za mauzo, mikopo na maghala. Mimi nimepewa kazi ya kuandika historia, nami nimeona si vyema kuandika historia ya Chama peke yake. Ushirika ni watu, na watu wana mahali wanapokaa. Ghala la chama cha msingi limesimama juu ya kiwanja. Kahawa, maharage, mihogo na tumbaku hutoka katika mashamba. Asali hutoka katika msitu. Ni nani basi aliyeamua kwamba nyumba zikae hapa, mashamba yawe kule, na msitu uishie pale? Swali hili lina majibu mengi kwa jinsi zamani zilivyopita, na kila jibu limetuachia fundisho.

Zamani za Wateko

Kabla ya kuja kwa Wajerumani, nchi ya Buha ilikuwa na tawala kadhaa, kila utawala na Mwami wake. Heru ndiyo sehemu kubwa ya Kasulu, Muhambwe ni Kibondo, na Buyungu ni upande wa Kakonko. Lakini Mwami hakuwa ndiye aliyempa mgeni mahali pa kulima. Kazi hiyo ilikuwa ya wateko, wazee wa ardhi, ambao walijulikana kuwa wenyeji wa kwanza wa mahali, na ambao waliombea mvua, mavuno na usalama wa watu wao. Mgeni alipofika alipelekwa kwa mteko. Akaonyeshwa pa kujenga, pa kulima, na mahali pasipofaa kuguswa.

Watu hawakukaa kwa kusongamana. Kila mji ulikuwa na migomba yake, na kati ya mji na mji palikuwa na mashamba na malisho. Hapakuwa na ramani ya karatasi, lakini hapana shaka mpango ulikuwapo. Ulikaa vichwani mwa wazee, na kila aliyeishi chini yake alijua kwa nini umekuwa hivyo. Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa ya haki: wako waliokuwa wakubwa na waliokuwa watumishi, na mwanamke hakuulizwa sana. Lakini aliyeamua alikuwa jirani, naye alikula matunda ya uamuzi wake pamoja na wengine.

Mbung'o na Makazi ya Mwaka 1933

Ugonjwa wa malale ndio uliobadilisha mambo. Serikali ya Waingereza ilipoona ugonjwa unaenea katika pori la Buha, iliamua kuanzia mwaka 1933 kuwahamisha watu waliotawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa. Hoja yake ilikuwa hii: mbung'o hukaa katika miti na vichaka, watu wengi wakikaa pamoja, wakalima na kukata miti, pori hurudi nyuma na mbung'o huondoka nalo.

Hoja hiyo haikuwa ya uongo. Kufyeka pori kwasaidia kweli, na wako waliookoka kwa sababu ya makazi yale. Lakini tazama jinsi mambo yalivyofanywa. Wataalamu walichagua mahali, watu wakaamriwa kuhama, na nyumba za zamani zikaachwa. Mwenye mizinga ya nyuki aliambiwa kwamba pori lililomlisha yeye na baba yake sasa ni mahali pa hatari. Ardhi iliyoweza kulisha watu wachache ikabebeshwa watu wengi, nayo ikachoka. Watu hawakuacha kwenda porini kutafuta asali, nyama na chumvi, wala hawakuona aibu, maana hawakuwa wameshiriki kuweka sheria ile. Hata mwishoni mwa karne ya 20 Kibondo na Kasulu zilikuwa zingali zikitajwa miongoni mwa sehemu zenye malale nchini.

Fundisho la kwanza ndilo hili: mpango waweza kuwa na sababu njema na bado ukaharibika, iwapo wanaoishi ndani yake hawakuulizwa wanapata wapi riziki yao.

Operesheni Kigoma

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alihimiza watu wakae pamoja ili wapate maji, shule na zahanati. Katika maandiko yake ya mwaka 1967 juu ya ujamaa vijijini alisema wazi kwamba watu wasilazimishwe. Lakini miaka ilipita, na subira ikapungua. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na mwaka 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima.

Sisi tuliozaliwa baadaye twasikia habari hizi kwa wazee wetu. Nyumba zilipangwa kwa mistari, mara nyingi kandokando ya barabara, ili magari yafike na huduma zifike. Huduma kweli zilifika: wengi wetu tumesoma katika shule zilizojengwa kwa sababu ya vijiji vile. Lakini migomba na mibuni huchukua miaka mpaka kuzaa, nayo haihami pamoja na mwenyewe. Mkulima aliyezoea kufungua mlango akaliona shamba lake alianza kutembea mwendo mrefu kulifuata. Mbolea ya samadi iliyokuwa ikitupwa migombani asubuhi ikawa mzigo wa kubebwa kichwani. Wengine walirudi kwenye mahame yao, kwanza kwa siri, kisha kwa wazi.

Ushirika nao uliguswa. Sheria ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kilichoandikishwa kuwa chama cha ushirika chenyewe, na mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa nchi nzima. Wanachama hawakupiga kura kuvivunja. Ilipotungwa sheria mpya ya ushirika mwaka 1982 ili virudishwe, ilidhihirika kwamba kuvunja ni kazi ya siku moja, na kujenga tena ni kazi ya miaka mingi. Nalitaja jambo hili kwa sababu chama na kijiji ni ndugu: kinapoamuliwa kimoja bila wenyewe, cha pili hakiko salama.

Tena, tazama ajabu ya barabara. Nyumba ziliitwa zisogee barabarani. Sheria ya barabara ya mwaka 2007 ilipokuja, pamoja na kanuni zake, upana wa hifadhi ya barabara kuu uliongezwa kutoka mita 45 mpaka mita 60. Barabara iliyoita nyumba sasa inaziambia zisogee nyuma, naye mzee aliyehamishwa akiwa kijana aweza kuhamishwa tena akiwa na mvi.

Wakimbizi na Miji ya Ghafla

Mwezi wa Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wengi wakakimbilia kwetu. Vita vya Kongo vya mwaka 1996 vilileta wengine, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu. Mwaka 2015 Warundi walikuja tena. Nyarugusu ikapita watu 150,000, na kambi ya Nduta katika wilaya ya Kibondo ikafunguliwa upya.

Kambi ya namna hiyo ni mji kwa wingi wa watu wake, nao ulipimwa kwa majuma machache: viwanja, njia, mabomba ya maji, zahanati. Haraka ilihitajika, na kumpokea aliyekimbia kifo ni heshima yetu. Lakini kuni ni zile zile, na misitu iliyokuwa ikipikia vijiji ilianza kupikia kambi pia. Tumbaku nayo haikukosa sehemu yake. Bani hukausha jani kwa moto, na moto hutaka miti. Yafaa tuseme hili wenyewe katika kitabu chetu, kabla hatujasemwa na wengine.

Sheria Iliyotupa Kiti

Baada ya Operesheni, swali la nani mwenye ardhi lilizaa ugomvi nchini. Aliyehamishwa alidai shamba la babaye, na aliyepewa shamba hilo alionyesha kwamba kijiji ndicho kilichompa. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi mwaka 1991 na 1992 ikisikiliza wananchi. Mwaka 1999 zikatungwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nazo zikaanza kutumika mwaka 2001. Sheria ya Vijiji ilithibitisha kwamba ardhi waliyogawiwa watu vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977 waligawiwa kihalali. Kila mwanachama mwenye shamba la Operesheni na alijue neno hili.

Sheria hiyo yasema pia kwamba Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa manufaa ya umma, nayo haizidi hekta 250, Mkutano Mkuu ndio wenye kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri huamua baada ya kutazama maoni ya Mkutano. Katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, watatu hawana budi kuwa wanawake. Mwaka 2007 ikaja Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi. Kijiji hupanga chenyewe, kikisaidiwa na wataalamu wa wilaya, kwa hatua sita: kuanzia maandalizi na tathmini pamoja na wananchi, kisha upimaji na uchoraji wa mpango wenyewe, mpaka usimamizi wake.

Basi kile alichokuwa nacho mteko peke yake, sheria imekiweka mikononi mwa mkutano. Ni kiti kikubwa. Lakini kiti kisichokaliwa hukaliwa na mwingine. Mkutano ukihudhuriwa na watu wachache, wachache hao ndio watakaochora kijiji, na waliobaki nyumbani watakwenda kusoma alama za mipaka zikiwa zimekwisha pandwa.

Mji Unapokuja Shambani

Sasa tumefika kwenye jambo la leo. Mwaka 1967 mkoa wa Kigoma ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 470,000. Mwaka 2022 ulikuwa na zaidi ya 2,400,000. Mwaka 2012 wilaya ya Buhigwe ilitengwa na Kasulu, na Kakonko ikatengwa na Kibondo. Kasulu ina Halmashauri yake ya Mji. Mashamba yaliyokuwa nje ya mji zamani za baba zetu, leo yana vigingi vya viwanja.

Mwanachama aelewe tofauti hii. Kijiji kikiingizwa mjini, huwa mtaa. Ardhi yake haiamuliwi tena na Mkutano Mkuu wa Kijiji, bali na mamlaka ya mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Sheria hiyo nayo yataka wananchi washirikishwe, na mpango uonyeshwe hadharani ili wenye pingamizi waseme. Anayechukuliwa ardhi yake ana haki ya fidia kamili, ya haki na ya haraka. Lakini pingamizi lina muda wake, na fidia hulipwa kwa kile kinachoweza kuthibitishwa. Asiye na hati ya hakimiliki ya kimila, wala muhtasari wa mkutano uliomgawia shamba, atakuwa na maneno matupu mbele ya mthamini.

Wako watakaosema kwamba mipango ya miji ni kazi ya wenye elimu. Na watazame Hanna Nassif katika Kinondoni, Dar es Salaam. Katika miaka ya 1990 wakazi wa mahali hapo, ambapo maji ya mvua yaliingia majumbani, walikaa pamoja na wataalamu, wakachagua wenyewe mifereji na njia zipite wapi, kisha wakachimba kwa mikono yao. Mtaalamu alijua kupima mteremko wa maji. Mkazi alijua maji hupita mlango wa nani. Hakuna hata mmoja ambaye angefaulu peke yake.

Neno kwa Wanachama na Viongozi

Kwa historia hii, nina maneno matatu ya kuwaachia. La kwanza ni kwa kila chama cha msingi: hakikisheni kwamba kiwanja cha ghala na kituo cha kununulia mazao vimo katika mpango wa kijiji au wa mji, na kwamba karatasi zake zimehifadhiwa ofisini, si nyumbani kwa mtu. La pili ni kwa wakulima wa tumbaku na kwa sisi sote tunaopikia kuni: kijiji kinapopanga, tuwe wa kwanza kutaka shamba la miti na hifadhi ya chemchemi, hata kama ni ekari zetu zitakazopungua. La tatu ni kwa viongozi: tarehe ya mkutano wa ardhi isitangazwe siku ya gulio wala katika majuma ya mavuno, na akina mama wapewe nafasi ya kusema mapema, kwa maana wao ndio wanaojua umbali wa maji na wa kuni.

Wazee waliohamishwa mwaka 1972 wangali nasi, ingawa kila mwaka wanapungua. Waulizeni mipaka ya zamani, mahali palipokuwa na chemchemi, na sababu za mahali fulani kutolimwa, kisha yaandikeni. Wataalamu watakapokuja na ramani, wakute na sisi tunayo yetu.