KUWAZA SANA, SEHEMU YA 4: Nusu saa ya wasiwasi ilitoka wapi?

Baada ya sehemu ya tatu wengi mmenijia inboksi na swali moja: "Nesi, hivi hilo zoezi la kutenga nusu saa ya kuwaza umelitoa wapi?" Leo nawapa historia yake. Ila nianze na kosa langu.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya usiku wodi ya wazazi. Kulikuwa na mama wa uzazi wa kwanza, mtoto mzima kabisa, ananyonya vizuri. Mama mwenyewe halali. Kila baada ya muda anamwekea mtoto kidole puani aone kama anapumua. Nikamwambia, "Mdogo wangu, acha kuwaza, lala." Nikaondoka nikijiona nimesaidia. Alfajiri nikamkuta vile vile, macho mekundu, na sasa analia, maana ameambiwa aache na ameshindwa.

Kumbe jambo hilo lilishapimwa kabla hata sijazaliwa. Mwaka 1987 huko Marekani, Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wa chuo wakae dakika 5 bila kumuwaza dubu mweupe, na kila akiwajia kichwani wapige kengele. Kengele hazikunyamaza. Halafu waliporuhusiwa kumuwaza, walimuwaza kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Yaani wazo ukilifukuza mlangoni linazunguka dirishani. Jaribu wewe sasa hivi, usimuwaze huyo dubu. Umeona?

Aliyetuletea nusu saa ni Thomas Borkovec, mwanasaikolojia wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Pennsylvania. Yeye alianza na watu wasiopata usingizi, akaona wengi hawasumbuliwi na mwili, wanasumbuliwa na kichwa kinachozunguka. Wakati huo tiba ya kukosa usingizi ilikuwa na kanuni moja nzuri: kitanda kiwe cha kulala tu, ili mwili ukikiona ujue kazi iliyopo. Borkovec akaigeuza. Wasiwasi wa mtu mwenye hofu umeshikamana na kila mahali: jikoni, kwenye daladala, kitandani, hata unaponyonyesha. Basi tuupe mahali pake pamoja na saa moja maalumu, kwingine ukose pa kukaa.

Mwaka 1983 yeye na wenzake wakachapisha matokeo. Wanafunzi wenye wasiwasi mwingi walifundishwa kuutambua unapoanza, kuuahirisha hadi muda wake, kurudi kwenye kazi iliyo mbele yao, kisha kila siku wakae nusu saa, mahali pale pale, wauwaze vizuri na kutafuta suluhisho. Walipungukiwa muda wa kuhangaika kwa siku kuliko wale ambao hawakufundishwa. Angalia tofauti na nilichosema mimi wodini. Mimi nilisema "acha". Wao walisema "baadaye, saa kumi na moja jioni". Kichwa kinakubali kuahirishiwa, kukatazwa hakikubali.

Miaka mingi baadaye, 2020, chuo hicho hicho kilitoa utafiti mwingine mdogo, watu 29 wenye ugonjwa wa wasiwasi. Waliandika kila hofu iliyowajia, kisha wakaangalia ipi imetokea. Karibu 91 katika kila 100 hazikutokea. Ndiyo maana nasisitiza daftari, jamani. Kichwa kinasahau hofu zilizopita bure, daftari halisahau.

Sasa msije mkasema haya ni ya wazungu wenye nafasi. Zimbabwe, kwa Kishona, wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Ni yale yale tunayoambiwa kliniki: "Nesi, mawazo yananimaliza." Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alitaka kuanzisha huduma Mbare, Harare. Hakupewa chumba wala wauguzi. Alichopata ni bibi 14, wahudumu wa afya wa jamii, na benchi nje ya kliniki. Alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Bibi wakakataa, nani atakaa hapo aonekane na majirani? Likaitwa benchi la urafiki. Bibi anamsikiliza mtu mpaka mwisho, wanachagua tatizo MOJA, wanapanga hatua ya kuanzia.

Utafiti uliotoka 2016 ulihusu watu 573 katika kliniki 24. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona upande wa bibi walikuwa kama 14 kwa 100. Upande wa huduma ya kawaida, 50 kwa 100. Wasiwasi nao ulipungua. Mimi mwenye diploma yangu ukutani nilisoma hiyo nikakumbuka usiku ule wodini. Kiti kilikuwepo kando ya kitanda chake. Sikukaa.

Jambo moja kabla sijaenda kuripoti zamu: kama mawazo yako ni ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, au unasikia sauti wengine hawazisikii, hapo hakuna kusubiri saa kumi na moja jioni. Mwambie mtu aliye karibu na uje hospitali leo leo, hata usiku. Hatutakugombeza.

Sehemu ya 5 ni Jumamosi, nitaonyesha jinsi ya kuchora kurasa za daftari. Maswali weka hapo chini, nikitoka zamu najibu.