Dogma Kama Mwongozo wa Mwenendo: Upragmatisti Mbele ya Imani ya Kikristo

Januari 1878 mwanafalsafa Charles Sanders Peirce alichapisha makala iliyokuja kuhesabiwa kuwa chimbuko la upragmatisti, na mfano wa kuinolea hoja yake aliufuata altareni. Kwake, maana ya wazo haizidi matokeo tunayoyatarajia kutoka kwa kitu tunachokiwazia. Anayedai kwamba kilichomo katika kalisi kina rangi, ladha na kila sifa ya divai, ila kwa hakika ni damu, anatamka maneno matupu. Wakatoliki na Waprotestanti hawana cha kugombania hapo, alisema, maadamu wanatarajia matokeo yaleyale, katika maisha haya na yajayo.

Maneno hayo ya mwisho ni rahisi kuyaruka, nayo ndiyo yanayomwachia Mkristo nafasi. Njia ya Peirce inauliza tunatarajia nini. Haijaamua kwamba yatarajiwayo sharti yatimie kabla ya kaburi. Mwenyewe, mwaka 1908, aliandika kutetea uhalisi wa Mungu.

Tatizo linaanza kwa mwanapragmatisti mwenzake, William James. Katika mihadhara yake iliyochapishwa 1907 alifika mahali pa kusema kwamba dhana ya Mungu, ikifanya kazi vema kwa maana pana kabisa, ni ya kweli. Aliweka masharti, tumtendee haki: wazo lazima lipatane na kweli nyingine tulizo nazo. Hata hivyo ukarimu huu unamponza anayekirimiwa. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba kama Kristo hakufufuka, imani yao ni bure. Hakuongeza kwamba angalau imewafariji wafiwa. Aliitundika imani yote juu ya tukio, lililotokea au halikutokea.

Mtu atanikumbusha kwamba Yesu mwenyewe alifundisha kuwatambua manabii kwa matunda yao. Ndiyo, kuwatambua. Tunda linautambulisha mti, haliuoteshi.

Aliyeliona jambo hili kwa makini zaidi, kwa maoni yangu, ni Édouard Le Roy, mwanahisabati na Mkatoliki wa Ufaransa, mfuasi wa mwanafalsafa Bergson. Mwaka 1905 aliuliza dogma ni nini hasa, akajibu kwamba kwanza ni mwongozo wa mwenendo. Kukiri kwamba Mungu ni nafsi ni kukubali kuhusiana naye kama tunavyohusiana na mtu. Kukiri ufufuko ni kuishi na Kristo kama na mtu aliye hai leo. Roma haikuridhika. Tamko la Julai 1907, lililoidhinishwa na Papa Pius X, liliorodhesha makosa 65, na la 26 lilikuwa fundisho kwamba dogma zishikwe kwa maana ya kiutendaji tu, ziongoze matendo bila kuwa kanuni ya kusadiki.

Uzito wa hukumu hiyo uko kwenye neno «tu», na sina hakika kwamba linamwangukia Le Roy moja kwa moja. Yeye aliongeza kwamba dogma hudokeza pia kuwa uhalisi wenyewe una kitu kinachoufanya mwenendo huo uwe wa haki na wa akili. Kwa kauli hiyo, mwenendo unaegemea kilichopo. Ukiiondoa, unabaki na adabu nzuri mbele ya kiti kitupu.

Tofauti hii haikai vitabuni. Ushuhuda tunaousikia kwenye mikutano ya injili, kwamba fulani aliokoka akapata kazi, akapona, akajaliwa mtoto, ni hoja ya James iliyopunguzwa upana wake, wala wanaoitoa hawajamsikia James. Hoja hiyo haina neno kwa mwanamke aliyefunga na kukesha miaka mingi asipate mtoto. Ikiwa thamani ya sala ni kile inacholeta, yeye amepoteza muda wake. Ikiwa Anayesikiliza yupo kweli, basi kusali kwake kulikuwa jambo la akili tangu usiku wa kwanza, na bado anayo haki ya kumuuliza Mungu kwa nini.