Njaa ya Vitabu Katika Bonde la Rufiji

Wako watu wasemao kwamba Mtanzania hapendi kusoma. Maneno haya nimeyasikia mijini, nimeyasikia katika hotuba, na nimeyasikia hata vinywani mwa walimu. Mimi niliyetumia sehemu kubwa ya umri wangu miongoni mwa vitabu, kwanza katika maktaba ya kijiji upande wa delta ya Rufiji, na baadaye katika maktaba ndogo ya mji, siwezi kuyakubali. Nataka nieleze, ndugu msomaji, kwa nini siyakubali. Lakini ili nieleze vizuri sina budi kurudi nyuma kidogo, maana jambo hili lina historia yake.

Kwanza tukumbuke kwamba kusoma na kuandika havikuletwa pwani yetu na Wazungu. Muda mrefu kabla ya Mjerumani kujenga boma lake la kwanza, watoto wa pwani walikwenda chuoni, wakajifunza Kurani, na wengine wakaitumia hati ile ile ya Kiarabu kuandika Kiswahili: barua, mikataba, hesabu za biashara na tenzi. Katika delta yetu boriti za mikoko zilipakiwa majahazini zikapelekwa Arabuni na Ghuba, na biashara ya namna hiyo haiendi kwa kumbukumbu za kichwa peke yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo heshima ya maandishi ilikuwapo. Kilichokuwa haba ni maandishi yenyewe.

Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilianzisha gazeti la Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Wazee wa utoto wangu walilikumbuka vizuri, na jambo walilolikumbuka ni kwamba nakala moja haikuwa ya mtu mmoja. Mwenye kujua kusoma alikaa barazani, wengine wakamzunguka, akasoma kwa sauti, akasimamishwa, akaulizwa, akarudia. Ningependa msomaji aiweke moyoni picha hiyo. Tukihesabu wasomaji kwa kuhesabu walioshika karatasi mkononi, barazani tutamkuta mmoja tu. Tukihesabu walioyapata yaliyoandikwa, huenda tukawakuta ishirini.

Mwaka 1948 iliundwa idara ya vitabu ya Afrika Mashariki, makao yake yakiwa Nairobi. Ilichapisha vitabu vya Kiswahili, ikapeleka masanduku ya vitabu sehemu za mbali, na kuazimisha vitabu kwa njia ya posta. Mwaka 1960 Mwingereza aitwaye Sydney Hockey alitoa taarifa kuhusu namna ya kuendeleza maktaba katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Tulipokwisha kupata uhuru, sheria ya kuunda huduma ya maktaba ya taifa ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Naam, jengo zuri lilisimama. Lakini kutoka jengo lile hadi kwetu palikuwa na safari. Kibiti iko kilomita mia moja na thelathini hivi kusini mwa Dar es Salaam, na wakati wa masika barabara ile ilimla mtu siku nzima, pengine na usiku wake. Ukifika Kibiti bado hujafika delta. Unateremka hadi Nyamisati, unangoja maji yajae, unaingia chomboni, na kutoka hapo mikoko ndiyo inayokuonyesha njia.

Mwaka 1968 mto ulifurika sana, na serikali ikaanza Operesheni Rufiji. Watu wa bondeni walihamishwa wakapelekwa kwenye ardhi ya juu, katika vijiji vya ujamaa. Huko walipata shule na zahanati karibu, lakini mashamba yao ya mpunga yalibaki kule kule bondeni. Ulipofika msimu, familia zilifunga milango zikahamia shambani miezi kadhaa, zikalala juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ili kuulinda mpunga na ndege, nguruwe na viboko. Jambo hili halikuandikwa katika mwongozo wowote wa maktaba niliowahi kupewa, lakini ndilo lililotawala kazi yangu. Maktaba ilijaa watu baada ya mavuno, ikawa tupu wakati wa kulinda. Mgeni aliyefika msimu wa kulinda angeandika katika taarifa yake kwamba watu wa Rufiji hawasomi.

Mimi nilianza kama mwalimu wa kisomo cha watu wazima, au ngumbaru kama tulivyozoea kusema. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 TANU ikaazimia kwamba ifikapo mwisho wa 1975 kila mtu mzima awe anajua kusoma na kuandika. Wakati wa sensa ya 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua. Mtihani wa taifa wa 1975 ulionyesha kwamba wasiojua wamebaki asilimia 39, na mwaka 1986 serikali ikatangaza kuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Nchi chache sana duniani zimewahi kufanya kazi kama hiyo kwa muda mfupi namna hiyo. Tena haikuwa kazi ya kusoma herufi tu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma kijitabu pamoja, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Nilikiona kikundi chetu. Waliojua kusoma walikuwa watatu, wasikilizaji kumi na mmoja, na vyoo vilivyochimbwa vilikuwa vya watu wote kumi na wanne.

Ili waliojifunza wasisahau, ziliundwa maktaba za vijiji. Yetu ilikuwa chumba kimoja chenye rafu mbili za mbao, meza, daftari la waazimaji na muhuri. Nilikabidhiwa ufunguo, na furaha niliyoipata siku ile sijaipata tena. Tulikuwa na vitabu vya kilimo na vya siasa, vya afya, hadithi chache, na vya Shaaban Robert viwili. Nilivifuta vumbi kila asubuhi, nikavianika kwa zamu, maana unyevu wa delta haumwonei kitabu huruma, na miguu ya rafu niliisimamisha ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya injini ili mchwa wasipande.

Hapo ndipo nilipojifunza lile ninalotaka kulisema. Palikuwa na bibi mmoja, msusi wa mikeka, aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, lakini hakuacha. Kila baada ya wiki mbili au tatu alirudisha kitabu akachukua kingine. Siku moja aliingia akazitazama rafu zote mbili, ya juu na ya chini.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Hivi vyote nimekwisha visoma. Lete vingine.”

“Havijaja, bibi.”

“Vitakuja lini?”

Sikuwa na jibu. Alichukua kitabu cha kilimo cha pamba, ambacho alikuwa amekisoma mara mbili, akaenda nacho. Baadaye alikuja kwa nadra. Baadaye tena hakuja kabisa, na nilipomkuta njiani baada ya miaka miwili hivi aliniambia, bila huzuni wala lawama, kwamba herufi zimemtoka.

Je, bibi huyu hakupenda kusoma? La hasha. Alikula chakula chote kilichokuwamo chunguni. Mkulima wa bondeni anajua kwamba shamba lake halikupata rutuba mara moja tu siku dunia ilipoumbwa. Mto ulipanda, ukaacha tope jipya, ukarudi. Miaka ambayo maji hayakupanda, mavuno yalipungua, na hakuna mtu aliyesema kwamba mpunga umekuwa mvivu. Maktaba nayo ni hivyo hivyo. Sisi tulipewa tope la mwaka mmoja, tukaambiwa tuvune miaka ishirini.

Na ile miaka ilikuwa migumu kweli. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, uchumi wa nchi ulidhoofika. Karatasi ikawa shida, na kiwanda chetu cha karatasi cha Mufindi hakikuanza kuzalisha hadi 1985. Mafuta ya taa yakawa ya kupanga foleni, na mtu anayelima mchana kutwa hana saa ya kusoma isipokuwa usiku. Kibatari kisicho na mafuta kinazima kitabu pia. Niliandika barua nyingi za kuomba vitabu. Ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilinijibu kwa kuniletea fomu ya kujaza idadi ya wasomaji.

Katika hali hiyo tulipata msaada kutoka mahali ambapo sikupatazamia. Kitabu kilichozua ubishi kuliko vyote katika chumba kile kilikuwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Msomaji anajua kwamba Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, katika bonde letu, na kwamba Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, mwanzoni kabisa mwa Vita vya Maji Maji. Kwa wazee wetu huyo hakuwa mtu wa vitabuni. Tulipokisoma kwa sauti barazani, mzee mmoja alinisimamisha.

“Mwalimu, huyu siye tuliyesimuliwa.”

Nikamsomea utangulizi, ambamo mwandishi anaeleza kwamba mhusika wake ameundwa kwa fikra, si yule mtu wa historia mwenyewe. Mzee akafikiri, kisha akasema, “Basi kama yeye kaandika wake, na sisi tuandike wetu.”

Tukaandika. Nilinunua madaftari ya shule, na jioni wazee wakasimulia, nami na vijana wawili waliomaliza darasa la saba tukaandika. Tuliandika habari za Maji Maji kama walivyozipokea kwa wazazi wao. Tuliandika habari za manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika mikondo ya delta mpaka ikaangamizwa Julai 1915, na jinsi babu zao walivyosikia mizinga ile. Tuliandika miaka ya mafuriko, majina ya mikondo, aina za mikoko na kazi ya kila mti: upi wa boriti, upi wa mtumbwi, upi wa kuni. Madaftari yale tuliyapa namba na muhuri kama vitabu vingine, tukayapanga rafuni. Ndiyo yaliyoazimwa kuliko kitu kingine chochote. Yalikwenda hadi juu ya madungu, yakarudi yakiwa na alama za vidole na harufu ya moshi. Mengine yalirudi yakiwa na nyongeza, kwa mwandiko wa watu ambao zamani niliwafundisha kushika kalamu.

Nilipohamia maktaba ya mji niliyakabidhi kijijini, mahali pake. Baada ya muda chumba kile kilipewa kazi nyingine, kama ilivyotokea kwa maktaba nyingi za vijiji nchini. Madaftari mengine yaliliwa na mchwa, na mengine yako majumbani, hayaazimishwi tena. Sensa ya 2002 ilionyesha kwamba takriban watu wazima watatu kati ya kila kumi nchini hawajui kusoma na kuandika. Vipimo vya 1986 na vya 2002 havikuwa vya aina moja, kwa hiyo tusivilinganishe kama mtu apimavyo mchele kwa kibaba kile kile. Hata hivyo mimi najua kwamba katika hao watatu walikuwamo watu waliowahi kusoma. Tuliwafundisha kula, kisha tukaondoa sahani.

Mambo mengi yamebadilika tangu wakati ule. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na watu hawangoji tena kivuko cha Ndundu ili wavuke Rufiji. Kibiti imekuwa wilaya. Tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umesaidia vitabu vingi vya Kiswahili kuandikwa na kuchapishwa. Vijana wanasoma kwenye simu, nami sina ugomvi na simu, kwa kuwa herufi ni herufi. Lakini mtoto wa delta bado anahitaji mahali ambapo kitabu kinamngoja bila kumdai salio, na ambapo yuko mtu mzima wa kumuuliza, “Umekisoma? Kinasemaje?”

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukisikia tena kwamba watu wetu hawapendi kusoma, usibishane sana. Uliza maswali mawili tu. Uliza, katika shule au maktaba iliyo karibu nanyi, ni vitabu vingapi vimeingia mwaka huu; si vingapi vimo, bali vingapi vimeingia. Kisha uliza, kati ya hivyo, ni vingapi vinavyowataja watu wa mahali pale. Majibu ukiyapata, peleka kitabu kimoja. Na kama huna kitabu, nunua daftari, uende ukakae na mzee.