Riale Saba za Bibi

Kwenye kipindi kilichopita niligusia habari ya mkufu wa bibi, halafu nikashindwa kumalizia, ikabidi mwenzangu abadilishe mada. Wengi mmeandika kuuliza iliishaje. Basi hii hapa habari yote, pamoja na historia ambayo kwenye kipindi hatukupata nafasi ya kuisema.

Bibi alifariki miaka miwili iliyopita, hapa hapa London. Hakuacha vitu vingi: msahafu wake, kanga za zamani, na mkufu wa fedha wenye sarafu saba kubwa. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunauona siku ya Idi tu, halafu unarudi kwenye kopo la biskuti. Kila sarafu ina mama mmoja mnene mwenye ushungi kichwani, na upande wa pili ndege mwenye vichwa viwili. Bibi aliziita riale. Pembeni, baada ya maneno ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, kuna mwaka: 1780.

Sasa we fikiria. 1780! Karibu miaka 250. Sote tulikua tukiamini kwamba ndani ya lile kopo kuna utajiri, ila bibi tu hakutaka kuugusa.

Warithi wake ni watatu: mama mkubwa anayeishi Muscat, mama yangu, na mjomba. Kwa hesabu ya mirathi mali inagawanywa mafungu manne, mjomba anapata mawili na dada zake moja moja. Mjomba aliona kwenye intaneti sarafu ya 1780 imetajiwa bei ya kutisha, akaandika kwenye grupu la familia la WhatsApp: tuuze, kila mtu achukue haki yake. Mama hakujibu. Siku tatu hakujibu, na mama yangu huwa anajibu hata salamu za asubuhi za watu asiowajua. Ikaamuliwa mimi nikaupimishe thamani, kwa sababu mimi ni mhasibu na eti mhasibu hana upande.

Nikaupeleka kwa muuza sarafu mmoja, mzee wa Kiingereza mwenye lenzi ya kukuzia jichoni. Aliutazama mkufu kama dakika kumi, akauweka mezani polepole, kama daktari anayetafuta maneno. Akasema: hakuna hata moja iliyopigwa mwaka 1780.

Nikauliza, ina maana ni bandia? Akacheka. La, ni za kweli kabisa. Ila tarehe si ya kwao.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Yule mama mnene ni Maria Theresa, aliyetawala himaya ya Austria. Ule ushungi ni wa eda tunaweza kusema, maana mumewe alifariki mwaka 1765 na tangu hapo alichorwa akiwa mjane. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 29 Novemba 1780. Kwa kawaida mfalme akifa, sura yake inaondoka kwenye pesa. Lakini sarafu yake, inayoitwa thaler, ilikuwa imeshapendwa sana na wafanyabiashara wa Uturuki, Arabuni na Uhabeshi, na wale watu hawakutaka sura nyingine. Ukiwaletea thaler yenye mfalme mpya walikuwa wanaitilia shaka. Basi kiwanda cha sarafu kikaendelea kuipiga ile ile, sura ile ile, tarehe ile ile. Mwaka baada ya mwaka, ikawa daima ni 1780.

Na sababu ya kupendwa ilikuwepo. Kila thaler ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 833 ni fedha safi. Ukizungusha ukingo wake kuna maneno ya Kilatini yaliyoinuka, maana yake "haki na rehema". Si mapambo tu. Zamani walaghai walikuwa wanakwangua kingo za sarafu wapate unga wa fedha. Kwenye thaler, ukikwangua, maneno yanafutika na kila mtu anakuona. Mtu asiyejua kusoma herufi hata moja aliweza kupitisha kidole ukingoni akajua kama ameibiwa.

Pwani yetu ilizipokea zamani. Enzi za Seyyid Said, biashara ya karafuu na pembe za ndovu ilipokua, riale ndiyo iliyokuwa pesa ya watu wakubwa Unguja. Wamarekani kutoka mji wa Salem, ambao nchi yao ilifanya mkataba na Seyyid Said mwaka 1833 na kuweka balozi wao mdogo Unguja mwaka 1837, walikuja na vitambaa vya pamba ambavyo mpaka leo tunaviita marekani. Waliondoka na pembe na sandarusi, na hesabu zilifanywa kwa riale. Baadaye Sultani Barghash akapiga riale zake mwenyewe mwaka 1882, lakini rupia ya Kihindi ilikuwa imeshaingia. Serikali ya Unguja ikatoa rupia zake za noti mwaka 1908, na mwaka 1936 rupia nazo zikaondoka, ikaja shilingi.

Siwezi kuandika habari hii nikaruka sehemu moja. Riale hizo hizo zilinunua watu. Mpaka mwaka 1873 soko la watumwa lilikuwa wazi Mkunazini, pale lilipojengwa kanisa kuu la Anglikana, na bei ya mwanadamu ilitajwa kwa sarafu kama hizi zilizokuwa shingoni mwa bibi. Sijui hizi saba zilipita mikono gani kabla ya kufika kwetu. Fedha haina harufu, na hilo ndilo tatizo lake. Nimeona bora niliseme kuliko kujifanya mkufu ulianzia kwenye kopo la biskuti.

Na hata kama nyumbani kwenu hakuna riale, neno lake unalo mdomoni. Thaler ni ufupisho wa Joachimsthal, mji wa machimbo ya fedha ambao leo uko Ucheki. Kwenye karne ya 16 sarafu kubwa za fedha zilizotoka pale zilipata jina la mji. Thaler ikawa dollar kwa Kiingereza, dollar ikawa dola na dala kwetu. Tanzania shilingi tano ikaitwa dala, na yale mabasi madogo yaliyokuwa yanatoza shilingi tano yakaitwa daladala. Kwa hiyo binamu yako akining'inia mlangoni Kariakoo, anataja machimbo ya Ulaya bila kujua.

Turudi kwa mzee na lenzi yake. Alinionyesha vitu vidogo ambavyo mimi nisingeviona: manyoya ya mkia wa ndege, vishanga kwenye kishikizo cha bega. Kwa vitu hivyo wataalamu wanakisia sarafu ilipigwa wapi na lini, kwa sababu si Vienna peke yake iliyozipiga. Mwaka 1935 Mussolini alipokuwa anajiandaa kuivamia Uhabeshi, ambako thaler ilikuwa pesa ya kila siku, alipata kutoka Austria mihuri ya kuipigia, akaanza kuipiga Roma. Waingereza nao hawakutaka wafanyabiashara wao wakose, na mwaka 1936 wakaanza kuipiga London. Paris, Brussels, Bombay na Birmingham pia zilipiga. Kwa miaka yote zimetoka mamia ya milioni.

Tano kati ya hizi zetu, alisema, zinafanana na za Vienna. Mbili zinafanana na zile za London. Kiwanda cha London wakati huo kilikuwa Tower Hill. Mimi nashuka treni Tower Hill kila siku kwenda kazini. Yaani sarafu mbili huenda zilizaliwa mtaa ninaonunulia kahawa, zikapanda meli, zikafika kwetu, halafu bibi akazirudisha ndani ya mkoba wake.

Thamani? Zimechomelewa vijipete ili zipite kwenye mkufu, na kwa mkusanyaji hiyo ni kasoro. Akanipa bei inayokaribiana na bei ya fedha kwa uzito. Halafu akaongeza jambo: mkufu una nafasi kumi, sarafu ziko saba. Tatu zimepotea, na hilo nalo linapunguza bei.

Niliandika yote kwenye grupu, pamoja na hizo tatu zilizopotea. Usiku ule mama mkubwa akaleta ujumbe wa sauti kutoka Muscat. Dakika kumi na moja. Nauandika hapa kwa ruhusa yake, kwa kifupi.

"Hazikupotea hizo, mwanangu. Tumezila."

Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, bibi aliondoka Unguja akafika Mombasa na watoto watatu. Mama mkubwa alikuwa na miaka tisa, mama minne, mjomba alikuwa bado ananyonya. Nyumba haibebeki. Shamba halibebeki. Mkufu aliupata kwa mama yake siku ya harusi, akauvaa chini ya nguo.

Riale ya kwanza ilikwenda kwa sonara wa Mji wa Kale, ikarudi unga, mkaa na maziwa ya siku kadhaa. Mama mkubwa alikuwepo. Anakumbuka sonara hakuuliza jina wala karatasi. Aliigonga kwenye meza ya mawe akasikiliza mlio, akapitisha kidole ukingoni, akaipima, akahesabu shilingi. Ya pili ilikuwa homa ya mjomba: daktari na dawa. Ya tatu ilinunua vitambaa na nyuzi, na kwa cherehani ya kuazima bibi akashona magauni ya watoto. Baada ya hapo hakuuza tena, kwa sababu magauni yaliuzika.

Mimi mhasibu nilikaa nikapiga hesabu. Kwa bei ya fedha ya wakati ule kila riale ilikuwa shilingi chache tu. Si utajiri hata kidogo. Lakini angalia ilichofanya. Kama bibi angekuwa na sarafu ya nadra, ile ya kweli ya 1780 ambayo mjomba aliiota, angeipeleka kwa nani? Nadra inataka mnada, mtaalamu, karatasi, subira. Mama mwenye watoto watatu na usiku unaingia hana hata kimoja. Kilichomwokoa ni kwamba sarafu yake ilikuwa sawasawa na nyingine milioni mia. Sonara alikuwa ameshaishika maishani mwake mara elfu. Tarehe ile ya uongo ilikuwa inamwambia: hii ni ile ile uijuayo.

Nadhani wanawake wa pwani walilijua hili muda mrefu kabla ya mimi kusomea uhasibu. Mahari na mapambo ni mali ya mwanamke mwenyewe, si ya mume wala ya baba. Anaivaa, anaondoka nayo, haihitaji kitabu cha benki. Tunapoziona zile picha za zamani za mabibi wamejaa fedha shingoni na mikononi tunadhani ni urembo tu. Nyingine ilikuwa akiba, iko mahali ambapo mwenyewe anaiona.

Mjomba hakuandika kitu kwenye grupu. Alimpigia mama simu. Mama anasema kwanza alikuwa kimya, halafu akauliza, "Ya pili ilikuwa yangu?" Akaambiwa ndiyo.

Tulimaliza kwa njia ya kawaida sana. Tukachukua bei ya yule mzee, tukaigawa mafungu manne, na mama akanunua mafungu ya wenzake kwa akiba yake mwenyewe. Mjomba alikataa pesa, mama akamlazimisha, kwa sababu mirathi ni mirathi na hakutaka deni la ukarimu. Kama ule mkufu ungekuwa na bei tuliyoiota, mama asingeweza kuwalipa. Ungeuzwa, na leo ungekuwa kwenye kabati la mtu asiyejua kwa nini kuna nafasi tatu wazi.

Mzee alituambia tunaweza kutafuta sarafu nyingine tatu kujaza, zinapatikana kirahisi. Mama amekataa.

Sasa wewe. Kama nyumbani kwenu kuna riale, ipime: gramu 28, upana kama sentimita nne, maneno yaliyoinuka ukingoni. Usiisugue kwa dawa ya kung'arishia, utaiharibu. Lakini kabla ya kwenda kwa muuza sarafu, mpigie mkubwa wa familia yenu umuulize ngapi zilikuwepo mwanzo, na zilizokosekana zilikwenda wapi. Washa kinasa sauti kabla hajaanza. Mama mkubwa ana miaka 70 sasa, na katika miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.