Kastadi na virutubishi vyake

Kastadi ni kitindamlo laini na kizito kinachopikwa kwa maziwa, sukari na kitu cha kuyagandisha maziwa hayo. Kwa asili kitu hicho ni yai. Siku hizi, katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, ni unga wa kopo. Huliwa ya moto au iliyopoa, peke yake au juu ya matunda yaliyokatwakatwa, na pwani wapishi wengi huitia iliki. Makala hii inaipima kastadi kama chakula, ikitazama hasa viungo vinavyopatikana Kibimba, kata ya Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi kwa magharibi na Biharamulo kwa mashariki. Ni nchi ya migomba, maharage, mihogo na kahawa, na pia ya ng'ombe na kuku wa kienyeji. Maana yake ni kwamba kila kiungo kikuu cha kastadi halisi, isipokuwa sukari, kinaweza kutoka nyumbani.

Yai na unga

Unga wa kastadi ulibuniwa mwaka 1837 mjini Birmingham, Uingereza, na mkemia Alfred Bird, ambaye mkewe alikuwa akidhurika kwa mayai. Bird alitumia wanga wa mahindi badala ya yai, na hadi leo unga wa aina hiyo ni wanga huohuo pamoja na rangi, chumvi kidogo na harufu ya vanila. Unga mkavu mara nyingi ni mweupe unaoelekea uwaridi. Ukitiwa maziwa baridi kijiko kimoja na kukorogwa, unageuka njano papo hapo. Njano hiyo ni rangi ya kuongezwa, aghalabu ya mbegu za mzingefuri, wala si kiini cha yai. Mlaji huona njano akaamini amekula yai, na hapo ndipo kosa la lishe linapoanzia.

Kastadi ya yai inadai subira. Maziwa yaliyochemshwa huachwa yapoe kiasi, kisha humiminwa polepole juu ya mayai yaliyopigwa na sukari, na mchanganyiko hurudishwa kwenye moto mdogo huku mwiko ukizunguka bila kusimama. Protini za yai huanza kushikana kwenye nyuzijoto 70 na kitu; zikifika 85 au zaidi hubana mno na kusukuma maji nje, na kastadi inakatika, yaani inabaki madonge yanayoelea kwenye maji. Mpishi hujua imeiva anapopitisha kidole mgongoni mwa mwiko na mfereji wa kidole usizibe. Ya unga haina hatari hiyo: wanga unahitaji kutokota kabisa ndipo uwe mzito na uache ladha ya unga mbichi.

Hesabu ya bakuli moja

Tuchukue nusu lita ya maziwa yasiyoenguliwa mafuta, mayai matatu na gramu 60 za sukari, vigawanywe bakuli nne. Kila bakuli litakuwa na takriban kilokalori 190, protini gramu 9, mafuta gramu 8 na wanga gramu 21, ambamo 15 ni sukari iliyoongezwa. Kalisi itakuwa kama miligramu 165, karibu sehemu ya sita ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Vitamini A itapita mikrogramu 100, vitamini B12 itakaribia mikrogramu moja, na kutakuwa na kolini ya kutosha kutajwa: yai moja lina miligramu 147 hivi, karibu yote ikiwa kwenye kiini. Kolini inahitajika katika ujenzi wa ubongo wa mtoto, na vyakula vinavyoibeba kwa wingi kama yai ni vichache.

Sasa tuondoe mayai, tuweke gramu 30 za unga wa kastadi. Nishati haishuki sana, kwani inabaki kilokalori 165 hivi. Lakini protini inaanguka hadi gramu 4, mafuta hadi gramu 4, vitamini A inapungua kwa karibu nusu, na wanga unapanda hadi gramu 28. Kalisi ndiyo isiyotikisika sana, kwa kuwa inatoka kwenye maziwa. Na pale maziwa yanapochanganywa nusu kwa nusu na maji, kama wafanyavyo wengi ili yatoshe watu, protini ya bakuli inabaki gramu 2 tu. Chakula hicho bado ni cha njano, kitamu na kizito mdomoni, lakini kwa lishe ni uji wa sukari.

Tarakimu hizi hubadilika na ng'ombe. Maziwa ya ng'ombe wa Kiankole, wale wa pembe ndefu wanaofugwa Kagera na nchi jirani, mara nyingi yana mafuta mengi kuliko ya Friesian, hivyo bakuli lake litazidi kidogo kwa nishati na vitamini A.

Inachokosa

Kastadi haina vitamini C ya maana, haina nyuzinyuzi, na madini yake ya chuma hayafiki hata miligramu moja kwa bakuli. Papai huziba pengo la vitamini C vizuri, kwa kuwa gramu 100 zake zina miligramu 60 hivi. Ndizi mbivu inaongeza potasiamu na utamu, na kwa sababu hiyo sukari ya sufuriani inaweza kupunguzwa nusu bila mtu kulalamika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linataka sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Bakuli letu moja tayari limechukua 15.

Wale ambao matumbo yao hayavumilii sukari ya maziwa wajue kwamba kupika hakuiondoi. Mtindi huwafaa zaidi.

Watoto

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa. Yai na maziwa ni miongoni mwa vyakula ambavyo mtoto wa aina hiyo anavihitaji, lakini katika baadhi ya jamii za nchi yetu mwiko wa kuwanyima mayai watoto na wajawazito haujaisha. Mwiko huo hauna msingi wowote wa kiafya na unapaswa kuachwa. Mtoto aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo, kastadi ya yai iliyoiva vizuri inamfaa, na hadi atimize miaka 2 ipikwe bila sukari, kwa ndizi mbivu iliyopondwa. Maziwa mabichi lazima yachemshwe kwanza, kwa kuwa yanaweza kubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe.

Unapochukua kopo la unga wa kastadi dukani, soma orodha ya viambato. Yai lisipotajwa, halimo. Basi ongeza mawili kwa kila nusu lita ya maziwa, na kila bakuli litapata gramu 3 zaidi za protini.